Moyo umetulia leo, msimpange kesho

NOVEMBA 1, 2021, Barcelona ilitoa taarifa fupi kuhusu mshambuliaji wake, Sergio Agüero. Siku mbili nyuma, Oktoba 30, jamaa alikuwa ameshika kifua katikati ya mechi dhidi ya Alavés pale Camp Nou, akatolewa kabla ya mapumziko na kupelekwa hospitali. Taarifa ilisema Dk Josep Brugada amemfanyia uchunguzi na matibabu, hatacheza kwa sasa, na ndani ya miezi mitatu ijayo itaangaliwa kama matibabu hayo yamefanya kazi.

Miezi mitatu.

Shabiki akisoma taarifa ya namna hiyo anakwama hapohapo. Kama ameshatibiwa, miezi mitatu ya nini? Goti likipasuliwa kila mtu anaelewa. Mshono upone, msuli urudi, aanze kukimbia taratibu pembeni ya uwanja, miezi sita au tisa baadaye anaonekana. Lakini moyo? Mtu hana bandeji, hachechemei, anapigwa picha akicheka na familia yake. Zikipita wiki mbili watu wanaanza: mbona hapangwi? Kagombana na kocha? Au anataka kuuzwa?

Agüero hakuimaliza hiyo miezi mitatu. Desemba 15 mwaka huohuo alikaa mbele ya waandishi pale Camp Nou akiwa na miaka 33, akatangaza kustaafu huku analia, akasema ameamua hivyo kwa ajili ya afya yake. Mtu aliyeifungia Manchester City mabao 260 aliondoka Barcelona na bao moja tu la mashindano, lile alilowafunga Real Madrid Oktoba 24.

Taarifa ile ya Barcelona haikueleza kila kilichofanyika ndani ya chumba cha matibabu, na haikuwa lazima ieleze. Lakini kusubiri miezi mitatu hakukutoka hewani. Ni utaratibu ambao madaktari wa umeme wa moyo wameutumia kwa miaka mingi, na sababu yake kila shabiki anapaswa kuijua kabla hajafungua mdomo: umeme mbovu ambao daktari ameukata leo unaweza kurudi wenyewe baadaye, bila kupiga hodi. Kipimo cha siku ya kwanza kinaweza kusema kila kitu safi wakati kazi bado haijakamilika. Klabu inayopanga kikosi kwa kutegemea kipimo hicho inacheza kamari, na dau ni la mchezaji.

WAYA ZA MOYO

Moyo ni pampu inayoendeshwa kwa umeme. Juu, upande wa kulia, kuna kituo kidogo kinachotoa cheche. Cheche inasambaa kwenye vyumba viwili vya juu, inapita kwenye lango la katikati, kisha inashuka kwenye vyumba viwili vya chini ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mwilini. Cheche moja, pigo moja. Mchezaji akiwa amekaa kwenye basi moyo unapiga mara 50 au 60 kwa dakika. Akikimbizana na winga dakika ya 80 unapita 170. Kazi yote hiyo inaongozwa na kituo kimoja, kama timu inayopangiwa mchezo na kiungo mmoja.

Matatizo yanaanza pale wengine wanapojipa kazi ya kiungo. Kuna watu wamezaliwa na njia ya ziada ya umeme, kijinjia cha uchochoro kinachounganisha vyumba vya juu na vya chini bila kupita langoni. Umeme ukishuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, unazunguka kama gari kwenye mzunguko wa barabara, na moyo unaenda mbio bila sababu. Hili huonekana sana kwa vijana. Kuna wengine ambao vyumba vya juu vinaacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo. Hili huwapata zaidi watu wazima, lakini wanamichezo waliofanya mazoezi magumu kwa miaka mingi nao wamo.

Huo mtetemo ulipata ufumbuzi mkubwa mwaka 1998, tena kwenye mji ambao shabiki anaujua kwa sababu ya Zidane: Bordeaux, Ufaransa. Daktari Michel Haïssaguerre na wenzake waliwachunguza wagonjwa 45 na kugundua kwamba asilimia 94 ya cheche zilizokuwa zinaanzisha fujo zilitokea ndani ya vena zinazoleta damu kutoka kwenye mapafu. Wachochezi walikuwa wamejificha kwenye vichochoro vinne, na vyote vinafunguka kwenye chumba cha juu cha kushoto.

Dawa ikawa wazi. Zungushia uzio kila kichochoro, cheche zipige humo ndani zikichoka, zisitoke nje.

Matibabu hayo yanaitwa ablesheni. Daktari hapasui kifua. Anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa pajani, karibu na kinena, anaupandisha hadi ndani ya moyo, na ncha ya mrija ndiyo inayofanya kazi. Kuna wanaounguza kwa joto, kuna wanaogandisha kwa baridi kali, na miaka ya karibuni kuna wanaotumia mapigo mafupi sana ya umeme wenye nguvu kubwa. Lengo ni lilelile: kuziua seli za moyo kwenye mstari mmoja ili pabaki kovu. Kovu halipitishi umeme.

Akimaliza, daktari anapima. Anatuma umeme kutoka upande huu, anaangalia kama umefika upande wa pili. Haujafika. Kimya. Kwa mtu wa mpira hilo ni bao la dakika ya kwanza. Linafurahisha, lakini kuna dakika 89 zimebaki.

UMEME UNAPORUDI

Mitaani umeme ukikatika usiku wa mechi halafu ukarudi, mtaa mzima unapiga kelele za furaha. Watoto wanaruka, televisheni zinawashwa, watu wanauliza matokeo. Ndani ya moyo uliotibiwa mambo ni kinyume. Umeme kurudi pale ulipokatwa ni habari mbaya, na hakuna anayepiga kelele. Mwenye moyo wake anaweza asijue kwa wiki kadhaa.

Kwa nini unarudi? Sababu ya kwanza ni kwamba seli iliyonyamaza haijafa lazima. Joto likizidi nyuzi 50 za selsiasi kwa muda wa kutosha, seli inakufa moja kwa moja. Lakini pembeni ya pale palipoungua kuna seli zilizopata joto la kati. Hizo zimezimia tu. Siku ya matibabu zinaonekana kama maiti, hazipitishi chochote, na kipimo kinasema ukuta umekamilika. Baada ya saa, siku au wiki zinazinduka. Kila shabiki amewahi kumuona mshambuliaji aliyefichwa mfukoni na beki dakika 85, watu wakamtukana, halafu akafunga mawili. Hakuwa amekufa. Alikuwa kimya.

Sababu ya pili ni uvimbe. Nyama iliyounguzwa inavimba, maji yanajaa, na uvimbe wenyewe unazuia umeme kwa muda. Ukinywea, njia inafunguka tena. Uvimbe ulisimama kwenye ukuta kama mlinzi wa muda, umeondoka, na pale palipoonekana pana kovu kumbe palikuwa na mlango.

Sababu ya tatu ni pengo. Ukuta wa mabeki ukiacha nafasi ndogo kati ya mtu na mtu, mpira wa adhabu unapita hapohapo. Umeme ni mjanja kuliko mpira. Ukipata sehemu moja tu kwenye mzunguko mzima ambapo seli chache zimebaki hai, unapita, na vile vichochoro vinarudi kazini.

Jambo hili si geni. Ni la zamani kama matibabu yenyewe. Mwaka 1982 ripoti za mwanzo za kukata njia ya umeme wa moyo kwa mrija zilichapishwa Marekani. Madaktari walitumia shoti kubwa, aina ileile ya umeme wa mashine ya kushtua moyo uliosimama, wakaielekeza kwenye lango la katikati. Kwa baadhi ya wagonjwa lango lilikatika, halafu baadaye likaanza tena kupitisha umeme. Tangu mwanzo madaktari waliona kwamba kukata ni kazi moja na kuhakikisha pamebaki pamekatika ni kazi nyingine.

Utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016 uliifanya hesabu hiyo kwa uwazi. Wagonjwa waliozungushiwa uzio kamili kwenye vena zote, na kipimo cha siku hiyo kikasema zote zimefungwa, walirudishwa kupimwa ndani ya moyo baada ya miezi mitatu. Asilimia 70 walikutwa na angalau sehemu moja iliyofunguka. Saba katika kila kumi. Vifaa vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini fundisho limebaki palepale: siku ya kwanza wote walikuwa washindi kwenye karatasi.

UMEME WA KISASA NAO

Halafu ikaja teknolojia ya mapigo ya umeme, ambayo watu wengi wanaisikia sasa. Ulaya iliiruhusu mwaka 2021 na Marekani ikafuata mwishoni mwa 2023. Mrija unatoa umeme wa volti nyingi kwa muda mfupi kupita kufumba jicho, mara nyingi mfululizo. Umeme huo hauunguzi kwa joto. Unatoboa matundu madogo mno kwenye ngozi ya seli. Matundu yakiwa mengi na makubwa, seli inavuja na kufa. Sifa yake kubwa ni kwamba seli za moyo zinakufa kirahisi kuliko za jirani, kwa hiyo koo la chakula lililo nyuma ya moyo linapona na hatari iliyokuwepo kwenye kuunguza.

Sasa hapo ndipo pa kuangalia. Matundu yakiwa machache, seli inayaziba yenyewe na kuendelea na maisha. Umeme ukiwa dhaifu kidogo, au mrija usipogusa vizuri, seli inapigwa butwaa badala ya kufa. Wakati imepigwa butwaa haipitishi umeme hata kidogo. Kipimo kinasoma ushindi. Daktari anavua glavu. Baadaye matundu yameziba na njia imerudi.

Majaribio ya kwanza ya teknolojia hii kwa binadamu, yaliyochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa 81, yalionyesha jambo hilo bila kificho. Siku ya matibabu vena zote zilifungwa kwa kila mgonjwa. Walipopimwa tena baada ya miezi mitatu, kwenye kundi lililotibiwa kwa umeme wa muundo wa mwanzo, waliokuwa bado na vena zote zimefungwa walikuwa asilimia 18 tu. Watafiti wakabadilisha muundo wa mapigo ya umeme, wakabadilisha tena, mpaka kundi la mwisho likafika asilimia 100. Mrija ule ule, moyo ule ule, ushangiliaji ule ule siku ya kwanza. Tofauti ilionekana mwezi wa tatu.

Mtu asiyesubiri miezi mitatu asingejua ni kundi gani limepona.

Na hata baada ya maboresho hayo, hakuna muujiza. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2023 uliwalinganisha wagonjwa 607, wengine kwa mapigo ya umeme, wengine kwa joto au baridi. Baada ya mwaka mmoja matibabu yalikuwa yamefanikiwa kwa asilimia 73 ya kundi la umeme na asilimia 71 ya kundi la pili. Ni matokeo mazuri. Maana yake pia ni kwamba zaidi ya mmoja katika kila wanne hakufika mwaka salama.

KELELE ZA MWANZO NAZO ZINADANGANYA

Kuna upande wa pili ambao klabu na mashabiki huusahau. Wiki za mwanzo baada ya ablesheni moyo unaweza kurukaruka kwa sababu ya maudhi ya kidonda tu. Nyama imeungua, imevimba, inalalamika. Mchezaji anasikia mapigo ya ajabu usiku, anaogopa, anadhani matibabu yameshindwa. Mara nyingi hayajashindwa. Kidonda kikipoa, moyo unatulia.

Kwa hiyo kimya cha mapema si ushahidi wa kupona, na kelele za mapema si ushahidi wa kushindwa. Ndiyo maana madaktari walikubaliana kuwa na kipindi cha mwanzo ambacho hawatoi hukumu. Kwa miaka mingi kilikuwa miezi mitatu. Mwaka 2024 vyama vya wataalamu wa umeme wa moyo duniani vilikifupisha hadi wiki nane, baada ya kuona kwamba fujo inayojitokeza baada ya hapo mara nyingi ni dalili ya tatizo la kweli. Wiki nane bado ni karibu mechi nane za ligi, na kwenye mwezi wa viporo zinaweza kufika kumi.

Hapo ndipo soka linapogongana na tiba. Soka lina kalenda, na moyo hauijui kalenda. Kuna mechi ya watani wikiendi ijayo, kuna dirisha la usajili linafungwa Jumatano, kuna kocha anayejua kwamba akipoteza mbili zaidi anafungashiwa virago. Kila mmoja wao ana sababu ya kuamini kile kipimo cha siku ya kwanza. Na mchezaji ana sababu kubwa kuliko wote, kwa sababu namba yake ina mtu mwingine ndani sasa hivi.

KHEDIRA NA LOCKYER

Isieleweke kwamba ablesheni ni ya kuogopwa. Februari 2019 kiungo wa Juventus, Sami Khedira, alibaki Turin wakati wenzake wakienda Madrid kucheza na Atlético kwenye 16 bora ya Ligi ya Mabingwa. Klabu ikatangaza kwamba amefanyiwa uchunguzi wa umeme wa moyo na kutibiwa sehemu iliyokuwa chanzo cha hitilafu, na kwamba atakuwa nje kwa takriban mwezi mmoja. Juventus ilifungwa 2-0 usiku ule bila yeye. Marudiano alikosekana pia, Ronaldo akafunga matatu na Juventus ikapita. Khedira alirudi, akaendelea na soka mpaka alipostaafu mwaka 2021 akiwa Hertha Berlin.

Mwezi mmoja kwa Khedira, miezi mitatu ya uangalizi kwa Agüero. Mashabiki wakiziweka namba hizo pamoja wanaona kama daktari mmoja ni mwoga na mwingine jasiri. Sivyo. Njia ya umeme iliyoharibika haifanani kati ya mtu na mtu. Kuna kijinjia kimoja kinachokatwa kwa mguso mmoja, na kuna mzunguko mrefu unaohitaji miguso mingi bila kuacha pengo. Tena kuna tofauti kati ya ruhusa ya kukimbia na hukumu ya kupona. Mchezaji anaweza kuruhusiwa kuanza mazoezi mepesi mapema huku bado anavaa kifaa cha kurekodi mapigo. Anayemlinganisha mgonjwa na mgonjwa kwa idadi ya siku hajui anachokisema.

Kisa cha aliyekuwa nahodha wa Luton, Tom Lockyer, kinafundisha kwa njia nyingine. Mei 27, 2023 alianguka Wembley kwenye fainali ya kuwania kupanda Ligi Kuu England. Shida ilikuwa ule mtetemo wa vyumba vya juu. Alitibiwa, akapimwa, akaruhusiwa, akaanza msimu na timu yake. Desemba 16, 2023 akaanguka tena Bournemouth, safari hii moyo wenyewe ukiwa umesimama. Aliokolewa palepale uwanjani, mechi ikavunjwa, na baadaye akawekewa kifaa kifuani kinachoushtua moyo ukisimama, kama alichowekewa Christian Eriksen baada ya tukio la Copenhagen mwaka 2021.

Mtu asikimbilie kuyaunganisha matukio mawili ya Lockyer. Mtetemo wa vyumba vya juu na moyo kusimama ni mambo mawili tofauti, na hakuna msingi wa kusema kwamba matibabu ya kwanza ndiyo yalileta la pili. Kinachohusu mjadala huu ni kitu kingine: mchezaji aliyewahi kuguswa moyo haachwi bila macho juu yake, hata akiwa na cheti mkononi. Lockyer aliondoka hai Bournemouth kwa sababu watu wa tiba walikuwa hatua chache kutoka pale alipoangukia, wakiwa na vifaa na wakijua la kufanya.

WATAKAOBISHA

Kuna watakaosema soka ni kazi ya muda mfupi. Mchezaji ana miaka kumi ya kula, ukimnyang'anya miezi mitatu umemnyang'anya mkate. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwenye ligi ambazo mshahara unachelewa hata kwa aliye mzima. Lakini jibu lake si kumrudisha uwanjani mapema. Jibu ni mkataba. Iandikwe kwamba mchezaji aliyetibiwa moyo analipwa kama kawaida katika kipindi chote cha uangalizi, na kwamba haachwi kwa sababu ya ugonjwa huo kabla hukumu ya daktari haijatoka. Klabu inayoweza kumlipa mtu aliyevunjika mguu miezi tisa haiwezi kushindwa kumlipa huyu wiki nane.

Wengine watasema matibabu ya moyo ni mambo ya Ulaya, huku yanahusu nini? Yanahusu. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na hitilafu za umeme wa moyo zinatibiwa hapo. Mchezaji wa Ligi Kuu Bara akipata shida hii, anaweza kutibiwa bila kupanda ndege. Swali ni la siku ya pili, akirudi kambini. Atakutana na nani? Daktari wa timu mwenye mamlaka ya kumwambia kocha hapana, au mtu wa kubeba chupa za maji na dawa ya kupuliza?

Tena kuna hofu kubwa zaidi, ya mchezaji kunyamaza. Kijana anayesikia moyo unarukaruka wiki ya tano baada ya matibabu ana taarifa ambayo daktari anaihitaji kuliko kitu kingine chochote. Akijua kwamba akisema anaondolewa kikosini, mshahara unasimama na mitandaoni anaitwa mgonjwa, atameza. Atasema yuko fiti. Daktari naye atasoma karatasi inayosema yuko fiti, kwa sababu mapigo yale yanakuja na kuondoka na siku ya kipimo hayakuja. Hapo umeme umerudi, na wote wanaopaswa kujua hawajui, isipokuwa yeye.

Na ikigundulika mapema, wala si mwisho wa dunia. Umeme ukirudi, daktari anarudi na mrija wake, anatafuta pengo liko wapi, analiziba. Marudio hayo ni ya kawaida katika matibabu haya, na si alama ya daktari mbovu wala mchezaji dhaifu. Hata mafundi wa nyumba wanajua: paa likivuja mvua ya kwanza, unapanda unatafuta tundu. Hatari ni kwa anayesema paa ni jipya haliwezi kuvuja.

LA KUFANYA

Basi klabu zina mambo machache ya kufanya, na hayahitaji bajeti ya Manchester City. Kila anayesajiliwa apimwe umeme wa moyo, kipimo cha dakika chache kinachoweza kukionyesha kile kijinjia cha ziada kabla hakijaleta balaa. Aliyetibiwa awe na ratiba ya vipimo iliyoandikwa, pamoja na kifaa cha kurekodi mapigo kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu kipimo cha sekunde kumi hakiwezi kumkamata mwizi anayekuja mara moja kwa wiki. Neno la mwisho liwe la daktari bingwa wa moyo aliyemtibu, si la kocha, wala la tajiri wa timu. Na kila uwanja unaochezewa mechi ya ushindani uwe na mashine ya kushtua moyo na mtu anayejua kuitumia. AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanja vikubwa vitakuwa na kila kitu wiki zile. Vitakavyobaki bila kitu ni vile vya daraja la kwanza na vya vijana, na huko ndiko vijana wengi wanakocheza bila kuwahi kupimwa.

Taarifa za klabu nazo zibadilike. Siku ya matibabu isitolewe taarifa inayosema "amepona kabisa". Hakuna anayejua hivyo siku hiyo, hata daktari. Barcelona ya 2021, pamoja na madeni na matatizo yake yote, hapo ilisema sawasawa: ametibiwa, na matokeo yataangaliwa ndani ya miezi mitatu. Sentensi moja ilimlinda mchezaji dhidi ya kelele za uwanja mzima.

Shabiki naye ana sehemu yake. Ndiye anayeandika "yuko wapi?" kila baada ya mechi, ndiye anayemzomea kocha asiyempanga. Sauti yake inafika mpaka ofisini, na kutoka ofisini inafika kwa daktari wa timu. Safari nyingine akimuona mchezaji wake anacheka kwenye picha wiki ya tatu baada ya matibabu ya moyo, akumbuke kwamba ndani ya kifua kile kuna ukuta ambao bado unakauka. Huenda umeshika. Huenda kuna sehemu moja, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo seli zake zimezimia na hazijaamua kufa au kuamka.

Msimu una raundi 30. Akikosa nane, bado zinabaki 22 za kumshangilia.